Nyumba Njema si Bati

Wahenga walituachia usemi kwamba nyumba njema si mlango, bali mtu afungue aingie ndani. Niliukumbuka usemi huo Mgogoni, Pemba, usiku mmoja wa mwezi wa Februari, nilipokaribishwa na ami yangu katika nyumba yake mpya. Mlango ulikuwa mzuri. Kuta zilipigwa plasta na kupakwa rangi; bati lilikuwa jekundu, likionekana tangu njiani; na dari ilikuwa nyeupe pe, imechongwa maua pembezoni. Nyumba ile ilijengwa kwa miaka tisa, msimu baada ya msimu wa karafuu: mwaka huu msingi, mwaka wa pili tofali, mwaka wa nne kenchi, hadi ikesha. Nilimpa hongera, na hongera yangu ilitoka moyoni.

Ilipofika saa nne za usiku, ami alitoka chumbani na mkeka mkononi. "Mwanangu," akaniambia, "twende zetu barazani. Huko ndani hakulaliki." Nyuma yake wakafuata watoto na mito yao, kisha mkewe na taa. Mwenye nyumba na aila yake wakalala nje ya nyumba waliyoihangaikia miaka tisa. Aliyebaki ndani ni binti yao, aliyekuwa hajatimiza arubaini tangu ajifungue, na ada haimruhusu mzazi kulala barazani. Usiku kucha tulikisikia kichanga kikilia, na baina ya kilio na kilio tuliusikia upepeo wa ukili ukipiga, mpaka alfajiri.

Hapo ndipo nilipoazimia kuandika makala haya. Simlaumu ami yangu, kwani amejenga kama wanavyojenga wenziwe wote. Ninachokilaumu ni huko "kujenga kama wote" kwenyewe. Umeenea kisiwani kwetu mtindo wa kuezeka bati, kuziba penu, kuziba kuta za ubavuni hadi kileleni, kupiga dari chini yake, kisha kushangaa kwa nini watu wanatoka nje usiku kama waliofukuzwa. Ninadai kwamba mtindo huu ni kosa, kwamba kosa lenyewe linajulikana, na kwamba dawa yake ni rahisi kuliko plasta ya ukuta mmoja.

Kwanza tulitazame kosa. Pemba imo karibu na digrii 5 kusini ya Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya vichwa vyetu, na miezi iliyo baina yake halitupi kisogo mbali. Ukuta una kivuli chake, mti una kivuli chake, lakini paa halina wa kulifunika. Siku ya mbingu nyeupe, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000 wakati wa adhuhuri, yaani kadiri ya jiko dogo la umeme. Nyumba ya mita 10 kwa 9 ina mita 90 za mraba. Basi na tukadirie majiko tisini yaliyopangwa juu ya kitanda cha mzazi. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu ya joto hilo angani. Bati lililoshika kutu, au lililopakwa rangi iliyoiva kwa ajili ya urembo, hurudisha kidogo, na sehemu kubwa ya kilichobaki hulipenya, kwani unene wake haufiki nusu ya milimita.

Joto hilo likishapenya hushuka darini, katika nafasi iliyo baina ya bati na dari. Hewa ya humo ikipata moto huwa nyepesi, na hewa nyepesi haina haja ila moja: kupanda. Hupanda hadi kileleni, ikakuta kofia ya bati imegandamizwa. Hugeuka kwenye pembe za kuta, ikakuta tofali na saruji. Hushuka kwenye upenu, ikakuta ubao umepigiliwa. Basi hubaki papo hapo kutwa, ikiichoma dari kwa juu, nayo dari ikituchoma sisi kwa chini. Jua likizama, bati hupoa upesi. Lakini tofali za saruji hupoa taratibu, na joto zilizolihodhi mchana hulitoa usiku, wakati ambapo madirisha yamefungwa kwa khofu ya mbu na ya mwizi. Ndiyo maana saa nne za usiku barazani kuna upepo, na hatua tatu tu ndani ya mlango kuna fukuto.

Wazee wetu hawakuwa na neno la kitaalamu la mambo haya, lakini nyumba zao zilikuwa nalo. Katika nyumba ya udongo, kiambaza hakikupandishwa hadi kuligusa paa. Uliachwa mwanya chini ya makombamoyo. Moshi wa jikoni ulipanda, ukatafuta njia baina ya makuti, na hewa ya moto ikafuatana nao. Mjini, kwenye nyumba za mawe, kuta nene na boriti zilichelewesha joto, na sakafu ya juu ilikuwa bapa, ya mawe na chokaa. Mvua zilipoisumbua sakafu hiyo, wako wenye nyumba walioinua paa jengine juu yake, la makuti au la bati, na wakaacha pembeni wazi. Wanaoijua Lamu wanayajua mapaa hayo: chini yake watu huanika nguo, hupunga upepo na kulala wakati wa joto. Paa la namna hiyo lilikuwa mwavuli. Sisi tumelichukua bati lile lile tukaligeuza kifuniko cha chungu.

Hapa najua baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi wamekwisha kutikisa vichwa kwa kuafiki, kwani wanadhani nimekuja kuyalilia makuti. La hasha. Katika ushairi wetu imekuwapo tanzia nyingi ya nyumba ya makuti, na aghalabu mwenye kuitunga amelala chini ya bati, na pengine chini ya kiyoyozi. Nalikataa kilio hicho. Makuti huoza, na baada ya miaka michache hapana budi paa liezuliwe na kuezekwa upya. Makuti hushika moto, na moto wa nyumba moja hula mtaa. Makuti hukaa panya, nge na mende. Aidha, makuti hayajisuki yenyewe. Mikono iliyoyasuka aghalabu ilikuwa ya wanawake, na sijasikia mwanamke aliyesuka makuti ujana wake wote akiomba kurudishiwa kazi ile. Mtu aliyepata fedha ya karafuu akanunua bati, amefanya la akili. Amepata paa lisilovuja, na maji ya mvua safi ya kukinga. Asiyewahi kuhamisha kitanda usiku kwa kukimbia matone hana haki ya kumdharau.

Ninachokisema ni kwamba tulipobadilisha paa tuliacha nyuma kitu ambacho makuti yalitupa bure. Makuti yalipumua yenyewe, bila ya kuombwa. Bati halipumui mpaka litobolewe njia. Nasi hatukulitoboa.

Upande wa pili wako wale wanaoiona nyumba yenye matundu kuwa ni ushamba. Kwao kila mwanya ni dalili ya umasikini, na nyumba ya kisasa ni ile iliyozibwa kila upande kama kopo. Ukiwauliza wameitoa wapi picha hiyo, watakwambia Ulaya na Marekani. Basi na tuwafuate hadi huko huko. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani, nchi yenye theluji na baridi kali, zinataka nafasi ya darini iachiwe matundu ya hewa, na eneo la matundu hayo lisipungue sehemu moja ya 150 ya eneo la dari. Matundu yakigawanywa vizuri, baadhi chini kwenye upenu na baadhi juu karibu na kilele, kanuni hizo katika hali fulani huridhika na sehemu moja ya 300. Watu wa theluji wanapumulisha mapaa yao, nasi wa Ikweta tunayaziba kwa kudhani tunawaiga! Tumeiga rangi ya bati na maua ya dari, tukaacha tundu.

Hesabu yenyewe ni ndogo, na kila mwanafunzi wa skuli anaweza kuifanya. Nyumba ya mita 90 za mraba, kwa kanuni ya moja ya 150, inataka matundu ya jumla ya mita 0.6 za mraba. Nusu yake iwe chini: kwenye upenu, matundu thelathini ya sentimita 10 kwa 10, kumi na tano upande wa mbele na kumi na tano upande wa nyuma. Nusu yake iwe juu: katika pembetatu za kuta mbili za ubavuni, karibu na kilele, dirisha moja kila upande la sentimita 30 kwa 50. Kwa kuwa wavu hupunguza njia ya hewa, na kwa kuwa kwetu jua ni kali zaidi, afadhali kuzidisha kuliko kupunguza. Paa la pande nne, lisilo na pembetatu za ukuta, fundi ataliinulia kofia vidole viwili au vitatu, aache mwanya uliofunikwa kwa juu. Muhimu ni kuwapo njia mbili, ya kuingilia chini na ya kutokea juu. Tundu moja peke yake ni mlango wa kuingilia nyumba isiyo na uwani.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani, maana zipo, na baadhi yake si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni mbu. Visiwa vyetu vimepigana na malaria kwa heshima kubwa, na tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 kiwango cha maambukizi kilishuka hadi chini ya asilimia moja. Anayesema kwamba upenu ulio wazi huingiza mbu anasema kweli. Lakini dawa ya mbu ni wavu, si saruji. Wavu huzuia mbu ukapitisha hewa. Saruji huzuia vyote viwili. Tena tutazame kinachotokea ndani ya nyumba iliyozibwa. Watafiti wa vyandarua barani Afrika wameandika mara nyingi kwamba joto ni mojawapo ya sababu kubwa zinazowafanya watu waache kulala ndani ya chandarua. Ami yangu ana vyandarua vinne vilivyofungwa vizuri juu ya vitanda vinne vitupu, na watu wote wako barazani, wazi, mbele ya mbu. Nyumba iliyozibwa ili kumzuia mbu imemtolea mbu chakula nje.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Ng'ambo ya mkondo wetu, katika kijiji cha Magoda wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, zilijengwa nyumba sita za majaribio, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Kuta zake zilifanywa za vitu vyepesi vinavyopitisha hewa, nafasi za wazi zikatiwa wavu, na baadhi ya nyumba zikawa za ghorofa ili watu walale juu. Kwa jumla, nyumba hizo zilionekana kuwa na mbu wachache kuliko nyumba za kawaida za kijijini, na zile za ghorofa zikawa na ubaridi zaidi. Kwa hivyo hapana haja ya kuchagua baina ya hewa na afya. Vyote viwili hupita katika wavu mmoja.

Hoja ya pili ni mvua, popo na panya. Mvua ya masika inayokuja na upepo huingia katika tundu lililoelekea juu au lililo wazi kabisa, lakini haiingii katika tundu lililotiwa vibao vya kuinamia nje. Vibao hivyo kila seremala wa Wete na Chake Chake anavijua, maana ndivyo anavyovitia kwenye madirisha. Popo na panya hawapiti wavu wa waya. Hoja hii ni ya uvivu tu, na sitaipotezea wino zaidi.

Hoja ya tatu ni upepo mkali, nayo naiheshimu. Kisiwa hakisahau. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania upande wa Mafia, kikatukumbusha kwamba bahari yetu haikuweka ahadi na mtu. Lakini paa hung'oka kwa sababu halikufungwa barabara, kenchi haikushikizwa ukutani, na misumari ilihesabiwa kwa uchoyo. Upepo ukiingia ndani ya nyumba usipate pa kutokea, husukuma paa kwa chini. Njia za pande zote mbili humpunguzia nguvu mgeni huyo. Mwenye khofu ya kimbunga na aongeze vyuma vya kushikizia kenchi. Matundu hayatampunguzia usalama wake.

Hoja ya nne ndiyo maarufu kuliko zote: "Tutatia pangaboi." Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Ni neema, nami siikufuru. Lakini pangaboi halileti hewa mpya; hulichukua fukuto lililo chini ya dari likalizungusha. Humpoza mwenye jasho, haipozi nyumba. Na siku umeme unapokatika? Wenzetu wa Unguja waliishi bila ya umeme wa kutegemea tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, takriban miezi mitatu, na miezi hiyo ndiyo ya kaskazi, yenye joto kuliko yote. Nyumba inayohitaji waya wa chini ya bahari ili mtu apate kuvuta pumzi haijakamilika. Fundi hajaimaliza kazi yake, ingawa amekwisha kulipwa.

Sasa nitageukia tunaosoma na kuandika katika kurasa hizi, maana lawama nyengine ni yetu. Ushairi wa Pemba una majina makubwa. Kamange na Sarahani walitunga katika kisiwa hiki, katika nyumba zisizojua waya wala pangaboi, na beti zao hazina harufu ya fukuto. Sisi tuna kalamu, tuna mizani, tuna wasikilizaji katika harusi na mikutano, na tunazitumia kuyaaga makuti ambayo hatuyataki tena, ilhali jirani yetu anatandika mkeka barazani. Kama ni kutunga, basi natutunge kwa ajili ya fundi. Nilianza mwenyewe usiku ule ule, nikautunga ubeti huu, nao ami akauhifadhi kabla hakujakucha:

Nyumba yangu ya tofali, bati nimeiezeka,
Ndani hari na makali, usingizi watoweka,
Mkeka wangu sahali, barazani natandika,
Fundi, tundu tafadhali, hewa ipate kutoka.

Si ubeti wa kushindania tuzo, lakini ulifanya kazi. Wiki ya pili fundi aliitwa. Alicheka kwanza, akasema hajawahi kulipwa kwa kubomoa ukuta alioujenga mwenyewe. Kisha akapanda ngazi, akatoboa madirisha mawili ya vibao kwenye kuta za ubavuni, akakata ubao wa upenu mbele na nyuma, akapigilia wavu wa mbu na wavu wa waya. Kazi ilikwisha kwa siku mbili. Ami mwenyewe akashauriwa kupaka bati rangi nyeupe likianza kuchakaa, kwani nyeupe hurudisha jua kuliko nyekundu, naye akajibu kwamba atafikiri, maana wekundu ule aliununua kwa hamu.

Nisiseme uongo. Matundu hayaigeuzi Mgogoni kuwa Lushoto. Nilirudi mwezi wa Machi, na joto lilikuwapo, kwani kaskazi ni kaskazi. Lakini ilipofika saa tano za usiku watoto walikuwa vitandani, ndani ya vyandarua vyao, na mlango wa mbele umefungwa kwa komeo. Binti yake ami alikuwa amekwisha kutimiza arubaini. Nilimwuliza hali ya usiku, akanijibu kwa maneno machache: "Sasa anko, nalala." Ule upepeo wa ukili niliuona jikoni, umerudi kwenye kazi yake ya kupulizia makaa.

Madai yangu basi ni haya. Mwenye kujenga asikubali kupigiwa dari kabla ya kumwuliza fundi hewa itatokea wapi. Fundi naye asingoje kuulizwa, maana yeye ndiye mjuzi, na ujuzi usiosemwa ni sawa na ujinga. Wanaochora na kuidhinisha ramani za skuli na vituo vya afya katika kisiwa hiki waweke matundu ya paa katika orodha ya vitu vya lazima, pamoja na mlango na dirisha, kwani mtoto anayesinzia darasani saa saba mchana si lazima awe mvivu. Huenda akawa amekaa chini ya jiko. Na anayenunua bati la rangi msimu huu wa karafuu, kabla hajalipia maua ya dari, atenge kwanza bei ya mita chache za wavu na ujira wa fundi wa siku mbili.

Nyumba njema si mlango, na wala si bati. Nyumba njema ni ile ambayo mwenyewe, saa nne za usiku mwezi wa Februari, bado yumo ndani.